Kidole Gumba cha Kushoto

Juni. Shule imefungwa, mabweni yamebaki na sisi kumi na tisa,
na Newala huku juu imejifunika ukungu hadi saa nne.
Mwalimu Likwanya amepanda kutoka Masasi na begi moja:
brashi sita, wembe, redio isiyosema.
Karatasi? Tulipewa mitihani ya majaribio ya mwaka juzi.
Mbele, Kemia, na alama za watu wengine.
Nyuma, peupe.
"Huku nyuma," akasema, "hakuna jibu la kukariri."

Rangi tulizitafuta wenyewe.
Nyekundu tuliichimba nyuma ya jiko,
udongo ule ule unaokataa kutoka kwenye soksi.
Nyeusi, mkaa wa Bi Somoe mpishi.
Nyeupe, unga wa muhogo, hadi panya wakala wingu la Fakihi.
Bluu ya kufulia.
Na manjano: Chilumba alichota salfa
kwenye kiroba cha baba yake, mikorosho ikipulizwa,
tukashinda tunapiga chafya
na kuchora jua linalonuka kibiriti.

Siku ya tatu akatuwekea birika bovu mezani.
"Chora unachokiona, si unachokijua."
Tukachora mabirika tunayoyajua: mkono, mdomo, kifuniko.
Lile halikuwa na kifuniko,
na ubavu wake umebonyea
kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.
Watu kumi na tisa, macho thelathini na nane.
Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya pili kila mtu akachagua chake.
Chilumba, ambaye kwao wote wanachonga mpingo,
akachora pikipiki.
"Nyumbani kuna mashetani ya kutosha," alisema.
Mimi nikachora mikono ya mama.
Niliijua. Miaka sita anabangua korosho,
mafuta ya ganda yameila ngozi,
yameiacha na madoa kama sakafu ya gereji.
Nilichora usiku kwa tochi ya simu ya Fakihi,
kila kovu mahali pake,
na kucha iliyokufa, kidole gumba cha kulia.
Nilipomaliza nililia kidogo,
kwa kujisifu.

Jumamosi wazazi wakaja.
Kazi zetu tumezibana kwenye kamba ya nguo,
upepo unazigeuza: mara picha, mara Kemia.
Mama alikuwa amevaa kitenge cha harusi za watu.
Akapita pikipiki, akapita birika,
akasimama mbele ya mikono yake.
Akaificha ile halisi ndani ya kitenge.
Nikajua nimekosa. Nimemwanika
kwenye kamba, watu wote wakimwona.

Halafu akautoa mmoja, wa kushoto,
akauweka juu ya karatasi.
"Kucha iliyokufa ni hii. Huku.
Kulia nashika kirungu, kushoto nashikilia korosho.
Sasa kirungu kitajipigaje chenyewe?
Na mkono huu ndio uliokuwa unakuogesha wewe."

Mwalimu Likwanya alisikia. Hakusema neno.
Akavuta stuli.

Mama akaketi. Mama yangu,
ambaye hata wali anaula nusu amesimama,
akaketi, viganja chini, mikono mapajani,
akawaambia wenzake watangulie stendi.
Nikachukua mtihani mwingine, nikaugeuza.
Mkaa ulikuwa umebaki kipande sawa na punje ya hindi.

"Pete usiichore," akasema. "Niliiuza."

Sikuuliza lini. Ada yangu ililipwa Januari.
Nikatazama, safari hii nikatazama kweli:
kwenye kidole kile, katikati ya weusi wote,
palikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi safi
ambapo mafuta ya korosho hayakuwahi kufika.

Hapo sikuweka mkaa.
Nikaiacha karatasi ilivyo.